Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo

Mtoto akigundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, swali linaloibuka mapema kwenye kikao cha familia huwa halihusu dawa. Huwa ni hili: ugonjwa huu umetoka upande gani? Jibu nalo halichelewi, hasa mawifi wakiwapo. Kwetu hakuna ugonjwa huo. Basi mama anarudi nyumbani na mtoto mgongoni na lawama kichwani.

Swali hilo halifai kuulizwa, kwa sababu jibu lake linajulikana kabla kikao hakijaitishwa. Mtoto mwenye SS, yaani nakala mbili za jeni ya selimundu, amepewa S moja na mama yake na S nyingine na baba yake. Nusu kwa nusu, hakuna aliyetoa zaidi. Wifi anayesema kwao hakuna anamzungumzia kaka yake bila kumpima.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoongoza utengenezaji wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Nakala moja ilikuja na yai, nyingine ilikuja na mbegu ya baba. Nakala ya kawaida huandikwa A. Nakala ya S imebadilika herufi moja tu ya vinasaba, kwenye kromosomu namba 11, na badiliko hilo dogo linatosha kuzifanya chembe zijikunje zinapopungukiwa oksijeni, zizibe mishipa midogo na kuleta yale maumivu ambayo mzazi aliyewahi kukesha nayo hahitaji kuelezwa. Lakini hayo yanampata mwenye S mbili. Mwenye AS, A yake moja inamtosha. Kwa kawaida analima, anacheza mpira, anazaa, anazeeka na kuzikwa bila yeyote kujua alichobeba.

Hapo ndipo mila yetu ya posa inapokwama. Wazee hawakuwa wajinga. Mshenga alitumwa, na kabla mahari haijazungumzwa watu waliulizia kimyakimya kama ukoo ule una kifafa, ukoma au wazimu. Lilikuwa jambo la busara, ila mshenga huona wagonjwa tu. Mbebaji hana alama usoni.

Mtawa Gregor Mendel wa mji wa Brno aliliona jambo hili kwenye njegere, akalichapisha mwaka 1866. Alichanganya njegere za duara na zenye mikunjo, akavuna za duara tupu. Ungedhani mikunjo imekwisha. Alipoziacha hizo zizae zenyewe, mikunjo ikarudi: punje 1,850 zenye mikunjo kwa 5,474 za duara, karibu moja kwa tatu. Tabia iliyofichika kizazi kimoja ilikuwa bado ipo nzima. Ndiyo maana pia baba wa kundi la damu A (si ile A ya himoglobini) na mama wa kundi B, kila mmoja akiwa amebeba O iliyofichika, wanaweza kupata mtoto wa kundi O bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa. Hilo ningetamani libandikwe ukutani kila maabara.

Lawama yangu kwa shule ni kwamba tulichorewa kile kisanduku chenye vyumba vinne cha kuonyesha watoto wanavyoweza kurithi, tukakijaza kwa ajili ya mtihani, kisha tukaachiwa tuamini kwamba AS na AS wakizaa watoto wanne, mmoja ataumwa na watatu watapona. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakisema: wa kwanza ameshaumwa, sasa tumemaliza zamu yetu. Hakuna zamu. Kila mimba ni kama kurusha shilingi upya, nayo shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Robo ya uwezekano iko palepale kwa mtoto wa pili, wa tatu na wa saba.

Piga hesabu uone. Chukua familia 100 za wazazi wote wawili AS, kila moja ina watoto wanne. Kwa wastani familia kama 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja. Familia kama 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Wazazi ni walewale, damu ni ileile, bahati tu imegawanyika tofauti. Wale 32 ndio watakaosimama kwenye vikao na kusema kwetu hakuna, na wanasema kwa moyo mweupe kabisa.

Tena kwa sehemu hizi zetu, kujidai na damu safi ni ujasiri. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo mwaka 1949, akakuta wabebaji wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wa sababu: penye malaria nyingi, mtoto mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. S imedumu kwetu kwa kuokoa maisha ya watoto. Tanzania inakadiriwa kuwa na wabebaji kati ya 13 na 20 katika kila watu 100, na watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa wenyewe kila mwaka.

Wapo wanaotaka wachumba wa AS na AS wakataliwe kufunga ndoa. Sikubaliani nao. Wapimwe mapema, kabla ya kadi za mchango kusambazwa, waelezwe ugonjwa ulivyo mzito na matibabu yalivyo, kisha waamue wenyewe. Kumpa mtu hesabu ni haki yake. Kumwamulia ni jambo jingine.

Ila kipimo chenyewe kiulizwe kwa jina. Kuna cha haraka na cha bei nafuu kinachoonyesha tu kwamba S ipo, hakitofautishi AS na SS. Anayetaka kujua hali yake aombe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini.

Na kuna mtu mmoja tunayemsahau nyumbani: yule ndugu mzima wa mtoto mgonjwa. Amekua akiambiwa yeye amepona, amesalimika. Kumbe wazazi wakiwa wote AS, katika kila watoto watatu wazima, wawili kwa wastani ni wabebaji. Huyo sasa ana miaka ishirini na kitu, ana mchumba, na hakuna aliyewahi kumchoma sindano kwa ajili hiyo. Apimwe yeye kwanza, na mchumba wake pamoja naye.