Andika Taasisi Unayotoka

Shemeji yangu kapiga simu tena leo asubuhi. Mtu mwenye kazi ana muda wa maongezi jamani, acheni tu. "Tatizo lako wewe unasubiri matangazo. Kazi nyingi hazitangazwi! Vaa vizuri, chukua CV, nenda kwa mwajiri mwenyewe, jieleze." Akakata, anaingia kikaoni. Kazi yake yeye aliingizwa na baba yake mdogo, lakini hilo tusiliguse, ndugu ni ndugu.

Nenda kwa mwajiri mwenyewe. Sawa. Nani kamwambia mwajiri anaonekana?

Serikalini hilo halipo, tuanzie hapo. Huko kuna Sekretarieti ya Ajira: tangazo linatoka, unaomba kwenye mfumo, unaitwa usaili wa mchujo, mnajazana ukumbini na kalamu zenu, kisha mahojiano, na ukifaulu nafasi zikawa zimejaa unakaa kanzidata. Huwezi kupanda daladala ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na bahasha ya kaki ukamwambie Katibu Mkuu "nilikuwa napita tu mtaa huu." Babu yangu anasema wao waliambiwa tangu mwaka 1973 kwamba makao makuu yanakuja Dodoma, wakakaa mkao wa kula. Mwaka 2016 msafara ukaanza kweli, 2018 tukaitwa jiji, wenye viwanja wakajenga vyumba vya kupangisha. Sisi tusio na viwanja tukajua ofisi zikihama zinakuja na nafasi. Zilikuja na viti, na viti vilikuja na watu wameshavikalia.

Zinabaki kampuni binafsi, viwanda, hoteli, shule na mashirika. Nimezunguka, msiseme sijazunguka. Kizota, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, mwenye mali alinisikiliza vizuri mno, akaniangalia mabega, akauliza magunia mangapi naweza kwa saa. Shule moja binafsi waliniuliza kama nina leseni ya kuendesha basi. Hoteli moja walisema "tutakupigia", na namba yangu hawakuchukua. Kwenye shirika fulani nafasi ilikuwepo, ya kujitolea, nauli juu yangu, chakula juu yangu, uzoefu juu yao.

Lakini ya juzi ndiyo imenimaliza.

Nilitoka Nkuhungu nimenyooka, naelekea kwenye kampuni moja. Shati jeupe, tai ya kuazima, viatu vimepigwa rangi. Wenyeji mnaujua upepo wa kiangazi wa mji huu. Shati lilipanda daladala jeupe, likashuka rangi ya chai ya maziwa. Nikajikung'uta getini, nikamsogelea mlinzi. Kwa kuwa hapa ni Ugogoni nikasema niingie kwa lugha ya nyumbani, nikamtupia "Mbukwa!" kwa sauti ya ukoo. Akanitazama. "Mimi wa Kasulu. Unataka nini?"

Nikabadilisha gia, nikampa shikamoo. Shikamoo ya heshima kabisa, mtu ambaye ukitusimamisha pamoja mimi ndiye wa kuonekana kaka. Akaipokea bila aibu. "Marahaba. Una miadi?"

"Sina, ndiyo nimekuja kuiomba."

"Miadi inaombwa kwa simu."

"Naomba basi namba ya simu."

"Namba anayo sekretari."

"Sekretari yuko wapi?"

"Ndani."

"Naomba niingie nimuone."

"Una miadi?"

Nikameza mate. Nikamwambia mzee wangu, mimi nimeleta CV tu, naiacha, naondoka. Akasema hakuna kitu kinachoingia bila kuandikwa, akanisogezea daftari la wageni. Jina, nikaandika. Namba ya simu, nikaandika kwa mwandiko mzuri, huwezi kujua nani atalisoma. Safu ya tatu: taasisi unayotoka. Nikaweka mstari.

"Mstari si taasisi."

"Mzee, sina taasisi. Ningekuwa na taasisi ningekuwa nimekaa kwenye taasisi saa hizi."

"Safu haiachwi. Mkaguzi akija ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe."

Nikaandika Nkuhungu. Akasoma kwa kidole. "Nkuhungu ni kata." Nikafuta, nikaandika UDOM, chuo kikuu chetu, si nimesoma kule miaka yote hiyo. Akaomba kitambulisho. Nikatoa. Akakigeuza huku na huku. "Kimeisha muda. UDOM wameshakuachia." Nikafuta tena, karatasi imeanza kutoboka, nikaandika jumuiya yetu ya kanisani. Hapo ndipo akasimama kabisa. "Umeleta kadi ya mchango? Maana bosi amesema watu wa michango wasivuke hapa."

Nyuma yangu foleni imeshafika barabarani. Fundi wa viyoyozi kaandika "fundi", kapita. Dada wa chapati kapita bila hata kugusa kalamu, mlinzi akamwitikia "karibu mama". Mimi bado nasailiwa. Akataka kuona kilicho ndani ya bahasha, kwa usalama. Akaitoa CV yangu, akavaa miwani, akakaa. Ndugu zangu, tangu nihitimu hakuna mtu aliyewahi kuisoma CV yangu yote isipokuwa yule mlinzi. Alisoma mpaka lugha ninazozungumza.

"Ununuzi na ugavi. Hapa unasema unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo gani?"

"La kazi, mzee."

"Umewahi kuajiriwa?"

"Bado."

"Sasa umejuaje?"

Nikakosa jibu. Mimi, mtu niliyetetea utafiti mbele ya wahadhiri!

"Wadhamini watatu. Huyu mchungaji, sawa. Huyu mwalimu, sawa. Huyu wa tatu nani kwako?"

"Shemeji."

Akatikisa kichwa, akairudisha kwenye bahasha taratibu, kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko kukataliwa.

Wakati huo likaingia guta la maji, yale madumu makubwa ya kunywea ofisini ya kupindua juu ya mashine. Kijana wa maji yuko peke yake na ghorofa ni ya pili. Dumu moja ni lita 18 na ushee, zidisha kwa manne. Mlinzi akaniambia, "Wewe si umesimama tu? Msaidie mwenzio." Geti likafunguka. Hakuna daftari, hakuna miadi, hakuna taasisi. Nikaweka dumu begani, bahasha nikaishika kwa meno, nikaingia kwenye jengo nililokuwa nalilia tangu asubuhi. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kufanya ugavi tangu nitunukiwe shahada ya ugavi.

Kijana akashika njia ya jikoni, mimi nikaelekezwa chumba cha mwisho. Nafungua mlango, bosi huyo hapo. Mwajiri mwenyewe! Kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, picha ya Rais ukutani.

"Weka pale. Hilo tupu ondoka nalo."

Nikaweka. Nikajifuta jasho kwa tai. Nikasimama wima kama shemeji alivyoelekeza, nijieleze. "Mheshimiwa, samahani, naitwa..."

"Risiti iko wapi?"

"Risiti?"

"Ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wiki iliyopita mmeleta maji bila risiti, uhasibu wamegoma kulipa. Si ndiyo hiyo uliyoshika?" Akaichukua bahasha, akaifungua, akatoa ukurasa wa kwanza, wa pili, akatazama kama kuna kakaratasi kamejificha. "Hii nini?"

"CV, mheshimiwa."

"Kampuni ya maji siku hizi inaleta CV?"

"Ni ya kwangu binafsi. Nimekuja kuulizia nafasi, hata zile ambazo hazijatangazwa."

Akanitazama muda mrefu. "Kwa hiyo risiti hakuna."

Nikasema kwa ukweli wa moyo kwamba risiti hakuna. Akasema mambo ya ajira yako kwa HR. Nikauliza HR yuko chumba gani. HR yuko Dar es Salaam! Nchi nzima imehamia Dodoma, mtu ninayemtaka mimi kabaki Dar. Treni ya mwendokasi ilipoanza kufika huku 2024 nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 31,000, kwenda tu. Nipande treni nikaonane na mlinzi mwingine?

Kutoka, mlinzi akahesabu madumu matupu, akanihesabu na mimi. Kijana wa maji akanipa elfu moja mkononi, akasema, "Kaka una mgongo mzuri. Bosi wetu anatafuta mtu wa kushusha, hajamwambia mtu bado." Sikumjibu. Shahada yangu ilikuwa inasikia.

Basi jana nikiwa nimejilaza simu ikaita, namba ngeni. Namba ngeni siku hizi naipokea kwa sauti ya ofisini, naikohoa kwanza. Dada ana sauti laini, anataja ile kampuni, moyo ukapiga sarakasi. Akasema namba yangu kaitoa kwenye daftari la getini. "Yale maji ya juzi risiti yake mtaleta lini?"

Na mnisamehe, hapa mzaha unaniishia. Kwa nini wasiweke sanduku tu nje ya geti? Limeandikwa CV, lina tundu, mtu anatumbukiza, anakwenda zake. Hata mkizichoma jioni, chomeni, lakini mimi nirudi nyumbani na nauli ya kesho. Steshenari ya mtaani kwetu wananidai kurasa. Yule dogo wa steshenari ndiye peke yake aliyefaidika na jitihada zangu za kutafuta kazi, na juzi kaanza kunishauri nibadilishe mwandiko uwe wa kupinda. Ujumbe pekee unaonifikia bila kukosa ni ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hela ipi? Nitajie mwenye hela nimpelekee CV.

Halafu shemeji huyohuyo anamwoza mdogo wake mwezi ujao. Mwenyekiti wa kamati ni yeye. Kaniingiza kwenye kundi la WhatsApp bila kuniuliza, kundi lina mweka hazina, lina katibu, lina vikao vingi kuliko Bunge hapa jirani. Kadi ya mtu mmoja shilingi 50,000, ya dabo laki moja. Nimeangalia orodha usiku wa jana, jina langu liko katikati ya mhasibu na daktari wa meno, mbele yake kimeandikwa dabo. Nimeuliza huyo wa pili ni nani, maana mimi sina mke wala mchumba. Kanijibu nisiwe na wasiwasi, nafasi yake haijatangazwa.