Mtoto mtulivu naye apimwe

Katika kundi letu la WhatsApp la kina mama wa Kitanzania tunaoishi Uingereza kuna ubishi usiokwisha: wapi afadhali kujifungulia, huku au nyumbani? Wa nyumbani watakutajia uji wa pilipili manga, mtori, kukandwa maji ya moto na arobaini nzima bila kugusa sufuria. Wa huku watakutajia mkunga anayebisha hodi na mizani begini. Mimi nimenyonyesha huku, na nimekaa Tanga na ndugu zangu wakinyonyesha. Naandika kwa ajili ya jambo moja tu: uzito wa mtoto anayenyonya titi katika wiki zake mbili za mwanzo. Hapo kwetu tumelala, na tumelala kwa sababu tuna watu wengi mno wa kutuambia kila kitu kiko sawa.

Kwanza lililo la kawaida, maana hofu nyingi huanzia hapo. Mtoto akizaliwa lazima apungue. Anatoa kinyesi cheusi, anapoteza maji, na ile dang'a ya njano anayonyonya siku za kwanza ni kidogo. Aliyezaliwa na kilo 3 akawa na kilo 2.8 siku ya tatu hana tatizo lolote. Maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, uzito unaanza kurudi, na wengi hufikia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili, wachache wiki tatu. Baada ya hapo huongezeka gramu 20 hadi 30 hivi kwa siku. Huku wasiwasi unaanza mtoto anapopungua zaidi ya asilimia 10. Yule wa kilo 3 akishuka chini ya 2.7, hamwachwi mkalale.

Kama siku ya tano hivi mkunga anakuja. Anamtoboa mtoto kisigino achukue matone ya damu ya vipimo, anatandika karatasi juu ya mizani katikati ya sebule, mtoto anavuliwa kila kitu na analia mpaka jirani anasikia. Namba inaandikwa kwenye kitabu chenye jalada jekundu ambacho kila mtoto wa huku anapewa. Halafu maswali: amekojoa mara ngapi tangu jana? Kinyesi kimeshakuwa cha njano? Akinyonya, unamsikia akimeza? Wa kwangu alikuwa amepungua kupita kiwango. Mkunga hakunipa mhadhara, aliniomba tu nimnyonyeshe mbele yake. Akakaa akatazama. Mtoto alishika ncha ya chuchu, mdomo haukupanuka, mashavu yakawa yanabonyea ndani, na dakika chache baadaye usingizi huo.

Usingizi ambao ukoo mzima ulikuwa umeshausifia! Kila shangazi niliyemtumia video alinijibu yaleyale: mashaallah, mtoto mtulivu, hasumbui. Basi sikilizeni, mashangazi zangu. Mtoto mchanga anayekosa maziwa si lazima alie. Nguvu zinamwishia, analala. Akilala hanyonyi, na titi lisiponyonywa halitengenezi. Mtoto wa siku nne anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Akikupa usiku mzima wa kulala, mwamshe.

Mkunga aliniachia ratiba. Kila baada ya saa tatu mnyonyeshe titi zote mbili, kisha umpe kwa kikombe kidogo maziwa uliyokamua, kisha ukamue tena kwa ajili ya zamu ijayo. Ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini ukimaliza mzunguko mmoja, muda uliobaki ni wa kwenda chooni. Likizo ya mume, wiki mbili za kisheria, iliisha katikati ya vita hiyo (wa Tanzania sheria inampa angalau siku tatu, kwa hiyo kwenye hilo tusijisifu). Na hapo ndipo maisha ya huku yanapokuumbua. Tiba uliyoandikiwa inataka watu wanne: wa kupika, wa kufua, wa kumshika mtoto ukioga, na wa kukufukuza ukalale. Wewe uko peke yako na redio. Mkunga ana nyumba nyingine za kwenda kabla ya saa sita mchana.

Ndiyo maana wengi huku wanaishia kwenye maziwa ya kopo, na mimi siwacheki. Utafiti wa taifa wa 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya akina mama wanane kati ya kumi walianza kunyonyesha, lakini waliofika miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine walikuwa kama asilimia 1. Tanzania, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita wako kwenye maziwa ya mama pekee. Hesabu hizo hazikupigwa kwa njia moja, lakini pengo ni pengo.

Sasa twende nyumbani. Safari moja nilimsindikiza mdogo wangu kliniki. Mizani ya mshale imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, kila mama ana kaptula ya kupimia aliyoshonesha kwa fundi, mtoto anatumbukizwa humo miguu ikining'inia. Muuguzi anasoma mshale ukiwa bado unacheza: "Nne na mia mbili!" Mwenzake anatia nukta kwenye kadi, anaitwa mwingine. Simlaumu, benchi lilikuwa limejaa hadi nje. Nilichokitazama ni kadi yenyewe. Nukta ya kwanza ni ya kuzaliwa. Ya pili ni ya wiki ya sita, siku ya chanjo. Katikati peupe kabisa.

Na si kwamba ratiba haipo. Mama na mtoto wanatakiwa warudi siku ya 7, ya 28 na ya 42. Lakini siku ya 7 mama yuko ndani, ana uzazi, nani atamtoa kwenye upepo? Mdogo wangu alipojaribu kwenda mapema aliulizwa kaja kufanya nini na chanjo bado. Kwa hiyo wiki zilezile ambazo mtoto yuko hatarini zaidi, mizani ni jicho la bibi. Mimi jicho la bibi naliheshimu kwa mambo mengi, ila gramu halizioni. Mtoto aliyepungua sana maji yanamwishia mwilini, chumvi inazidi kwenye damu, manjano yanakolea, na anavyozidi kuumwa ndivyo anavyozidi kulala. Kwa jicho hilo, bado ni mtulivu.

Akija kugundulika, kesi haipelekwi hospitali, inapelekwa chumbani. "Kabemendwa huyo." Wazazi hawakusubiri, au baba katoka nje, na sasa mtoto anadhoofu kwa dhambi yao. Nimemwona mama akimfunika mtoto khanga hadi usoni njiani kwa kuogopa macho ya watu, na kliniki akaacha kabisa asije akasemwa kwenye foleni. Hili sitalipaka sukari kwa jina la mila: linaua watoto kwa aibu. Sababu zenyewe zinajulikana, na nyingi zina dawa. Mara nyingi mtoto hajakaa vizuri kwenye titi, basi. Au ana udata, ulimi hautoki. Au kazaliwa kabla ya wiki 37 na huchoka upesi. Upande wa mama, huenda alipoteza damu nyingi, kipande cha kondo kimebaki ndani, ana kisukari, au alipasuliwa na maziwa yakachelewa. Hata dripu nyingi wakati wa uchungu humfanya mtoto azaliwe na maji ya ziada, uzito wa kwanza ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hakuna hata moja hapo la kumuuliza baba alilala wapi.

Wapo wanaojitetea kwamba chati za ukuaji, ile mistari ya kwenye kadi ambayo nukta za uzito hulinganishwa nayo, ni za Kizungu na watoto wetu ni wadogo kwa asili. Zamani wangekuwa na hoja. Chati zilizoenea kuanzia miaka ya 1970 zilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wa chupa, na mtoto wa titi akifika miezi minne hivi alionekana anadorora wakati yuko salama salimini. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa nyingine mwaka 2006, kutokana na watoto walionyonyeshwa wa Pelotas (Brazili), Accra, Delhi, Oslo, Davis (Marekani) na Muscat. Ndiyo, Muscat, ambako nusu ya Unguja ina binamu. Wote hao, wakilishwa vizuri na mama zao wasipovuta sigara, walirefuka karibu sawasawa. Uingereza ilianza kutumia chati hizo 2009. Mwembamba anayefuata mstari wake wa chini, anakojoa nepi sita kwa siku na yuko macho, mwacheni jamani. Huku nako wapo wanaompima mtoto kila asubuhi mpaka wanakauka maziwa kwa wasiwasi, na hao nao siwaungi mkono.

Siku hizi ndugu akijifungua natuma hela ya hongera na nauli ya bajaji ya siku ya saba, na nauli hiyo ina masharti. Mama yangu alikuja juu: "Mwanangu, kichanga cha siku saba kikapimwe kama changu wa mnadani?" Tukavutana kwenye simu mpaka salio likaisha. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayempakata, na mimi nikashikilia kwamba mama mtoto naye aende, ajifunike anavyotaka, maana muuguzi asipomwona mtoto akinyonya kazi ni nusu. Wakarudi na jibu: gramu 120 chini ya uzito wa kuzaliwa, si mbaya, ashikwe vizuri zaidi kwenye titi na arudi baada ya siku chache. Mama aliinunia namba hiyo mchana kutwa. Jioni akanitumia sauti: ameshahesabu nepi nne tangu adhuhuri, na je, ile ya nusu nusu inahesabika?