Waranti ya gari inaishia getini
Wauza magari wa yadi hapa Arusha wanatuumiza jamani. Unaambiwa giaboksi ina waranti miezi mitatu, mhuri umegongwa, alafu ukianza kupandisha Sekei gia zinateleza, mshale wa rpm (mizunguko ya injini) unapanda ila gari haiendi, ukirudi unaambiwa waranti ni ya injini tu, sijui umeweka oili mbaya wewe. Oili nimeweka lini na hata boneti sijafungua?? Giaboksi nyingi hizi ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda, zinataka oili yake, mtu anamimina ATF, oili ya giaboksi otomatiki za kawaida, mkanda unasagika humo ndani. Na giaboksi la mtumba ukinunua mtaa wa Unga Limited nalo halina waranti, likigoma ni lako. Waandike kwenye mkataba waranti inagusa nini, kwa maandishi yanayosomeka!