Eti Ni Kukopi Tu, Shemeji

Tukubaliane kwanza: kompyuta yangu haina tatizo. Inawaka. Ukibonyeza kitufe feni inanguruma, skrini inajifikiria, unaenda kuoga, ukirudi unaikuta tayari inakusubiri. Barua naandika, picha naangalia, hesabu napiga. Sasa mtu mzima na akili zake anasimama mbele ya mashine hii anasema imezeeka, ibadilishwe. Imemkosea nini?

Wanasema tatizo si mashine, ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha. Yangu ina Windows 10. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na ilipofika Oktoba 14, 2025 huduma ya kawaida ikafungwa. Viraka vya usalama vya kila mwezi basi, labda ujiandikishe kwenye nyongeza ya mwaka mmoja, na mwaka nao unaujua unavyokimbia. Kompyuta haizimiki siku hiyo, hapana, inaendelea kukutazama tu. Ila kila tundu litakalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, na wezi wa mtandaoni hawaendi likizo.

Haya, nikasema nipandishe Windows 11 humo humo, yaishe. Kumbe kuna mtihani! RAM angalau GB 4, ninayo. Diski GB 64, ninayo, watu wa nyumbani wakifuta muvi zao wanazojaza. Wakaniuliza TPM 2.0. Hicho ni kichipu cha kutunza funguo za siri. Mimi huyu, ninayetafuta funguo za mlango kila asubuhi, niulizwe habari za kichipu? Nikaambiwa mara nyingi kipo, kimezimwa tu kule kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, kakiwashe. Nikaingia BIOS jasho linanitoka, nikakiwasha, nikatoka kifua mbele. Wakaniuliza prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Kwa Intel, wanaanzia kizazi cha 8, wakionewa huruma wachache wa 7. Yangu ya 6. Siku hizi hata prosesa inaulizwa ukoo.

Basi nikanunua nyingine. Hapo ndipo alipoingia shemeji.

Huyu ni kaka wa mke wangu, na nyumbani kwetu akishatamka neno kuhusu kompyuta limekuwa sheria. "Sasa shemeji, wasiwasi wa nini? Unakopi kila kitu kwenye diski ya nje, unakuja kupesti huku. Kazi ya nusu saa." Akaondoka. Watu wa kazi ya nusu saa huwa hawakai hata hiyo nusu saa.

Nianze na programu, maana hapo ndipo penye uongo mkubwa. Programu haikopiwi. Ukibeba folda yake kutoka Program Files ukaipeleka kwenye mashine mpya, umeng'oa mlango ukadhani umehamisha nyumba. Mipangilio yake imeandikwa kwenye rejistri, daftari la ndani la Windows, vitu vyake vingine vimejificha AppData, folda ambayo kwa kawaida hata huioni mpaka uombe uonyeshwe vilivyofichwa, na mafaili ya DLL inayoyategemea yametapakaa kwenye mfumo. Unaibofya kwa furaha, inakujibu kuna kitu hakipo. Dawa ni moja: tafuta kisakinishi chake, sakinisha upya, ndipo ulete data.

Na ukisakinisha upya unaulizwa leseni. Nina programu moja ya kuhariri picha niliyoilipia kwa jasho langu. Nikaingiza namba ya leseni, ikanijibu imeshatumika kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta nyingine ya nani? Si yangu! Iko hapo pembeni, inatuangalia! Utaratibu unataka uende kwenye ile ya zamani, uiachishe leseni, ndipo huku ikubali. Kwa hiyo yeyote aliyefuta mashine ya zamani haraka haraka ili amgawie mpwa wake, leseni amemgawia pia. Bahati nzuri yangu ilikuwa bado haijafutwa. Ila ili niiachishe walitaka wanitumie namba ya uthibitisho kwenye barua pepe niliyojiandikishia, na barua pepe hiyo ilikuwa ya kazini, na kazi yenyewe ilikwisha zamani. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Akanijibu roboti, kwa adabu sana, kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye barua pepe yangu.

Lakini hiyo ni cha mtoto. Mke wangu ana programu yake ya hesabu za kikundi, ya enzi zile kabla hata Windows XP haijatoka 2001. Ina bluu na kijivu, haina picha hata moja, na anaitumia kuliko anavyonitumia mimi. Hiyo ni ya biti 16, yaani ya mfumo wa kompyuta za kale. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 inakuja kwa biti 64 pekee. Nikamweleza taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hesabu za watu zisiguswe."

Kilichobaki ni kutengeneza kompyuta ya kubuni: unasakinisha programu inayojifanya mashine nzima, ndani yake unaweka mfumo wa zamani, na ndani ya mfumo wa zamani ndiyo unaweka ile programu. Intaneti unaikatia, maana mfumo wa zamani hauna kinga. Nikahangaika, ikakubali. Nikamwita aje aone. Akaangalia ule mfumo mkongwe ulivyojikunyata kwenye kidirisha, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo umenunua kompyuta mpya ili ndani yake uiweke ile ya zamani?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Nikayanyamazia.

Mafaili sasa. Ya Documents na Pictures ni rahisi, hata shemeji anayaweza. Shida ni yale yasiyokaa sebuleni. Barua pepe za zamani zimelundikwa kwenye faili moja la PST, ghala la programu ya Outlook. Alamisho na nywila ziko ndani ya kivinjari. Fonti za kadi za mwaliko ziko kwao huko. Hakuna atakayekukumbusha, utayakumbuka siku unayoyataka.

Video ya harusi yetu ina GB 6. Diski ya nje ina nafasi ya kumwaga. Nikaipeleka, ikakataa: faili kubwa mno. Nafasi ipo, lakini kubwa mno! Kumbe diski imepangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haipokei faili moja linalofika GB 4. Uipange upya kwa exFAT, itapokea. Lakini kuipanga upya kunafuta vyote vilivyomo, na vilivyomo ni bakapu, nakala ya akiba ya kila kitu kingine. Kwa hiyo uhamishe bakapu kwanza. Uihamishie wapi? Kwenye diski nyingine, mpya, ya kununua. Mke wangu anapita nyuma yangu anauliza, "Harusi yangu iko wapi?"

Msinitajie mawinguni, kule kuhifadhi mafaili mtandaoni. Wingu linalolandanisha si bakapu. Mwanangu akifuta folda kwenye simu, inafutika na kwenye kompyuta, kwa uaminifu kabisa.

Na ile mpya nayo ina yake. Windows 11 mara nyingi inaifunga diski kwa BitLocker, kufuli lake la siri, bila kelele, na siku ikishtuka inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Namba ya simu ya mke wangu tu siijui kwa kichwa. Nikashauriwa niuprinti niuhifadhi. Printa yangu haina draiva, programu ya kuiongoza, ya mfumo mpya. Nimeuandika kwa mkono, tarakimu moja moja, nikaukagua mara mbili, na ile 7 ya katikati mpaka leo inafanana na 1.

Ya zamani sijaifuta. Iko mezani, karibu na mpya, mpaka nifungue mafaili moja moja nione yanasoma, maana kuona jina la faili si kuona faili. Mke wangu anataka meza yake. Nimemwambia ni mambo ya usalama.

Wataalamu wanasema nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani. Mbali na nyumbani nina nani kama si shemeji? Nikampelekea ile diski mpya yenye bakapu, nikamkabidhi mkono kwa mkono. Leo kanipigia simu, mchangamfu kabisa: "Shemeji, hivi hii folda imeandikwa BAKAPU bado ina kazi? Nataka kuweka muvi, naona imekula nafasi."

Nimemwambia asiguse kitu. Naongea nanyi nikiwa njiani kwenda kwake, na simu yangu sasa hapokei.