Kompyuta ya mama haikuhitaji Kiingereza

Laptopu niliyomnunulia mama ni mtumba wa Ulaya, zile za ofisini zinazouzwa Kariakoo. Nilipoiwasha ikanisalimia kwa Kijerumani. Fundi akacheka: "Hiyo dakika mbili tu, bosi." Kweli, akanirudishia ikiwa Kiingereza kitupu. Hakuniuliza nataka lugha gani, nami sikumwambia. Hapo ndipo ninapojilaumu.

Mama ni karani mstaafu wa masjala, na sasa ni mweka hazina wa kikoba chao. Kwenye hesabu humpigi chenga. Lakini kila kisanduku kilipochomoza kwenye skrini, simu yangu iliita.

"Mwanangu, kuna kitu kimetokea, nakusomea: S, A, V, E..."

"Inauliza kama uhifadhi, mama."

"Sasa si ingeuliza hivyo?"

Nilipokwenda nyumbani nikaibadilisha. Windows 10 inacho Kiswahili, kimeandikwa Kiswahili (Kenya). Mtanzania mwenzangu, usisusie kwa sababu ya mabano. Unaingia kwenye mipangilio, upande wa saa na lugha, unaongeza lugha, unasubiri ipakuliwe (bando liwepo), unaichagua iwe lugha ya skrini, kisha unatoka kwenye akaunti na kuingia upya. Usitegemee kila kitu kigeuke. Kiswahili hicho kimepandikizwa juu ya Kiingereza, ukichimba ndani utakikuta kilekile. Na kabla hujabadilisha kokote, kariri alama za kubonyeza badala ya maneno, ili njia ya kurudi usiipoteze.

Kibodi ni kesi nyingine kabisa. Fundi alipoweka Kiingereza aligeuza na mpangilio wa kibodi, ilhali vibonye vimechapwa Kijerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi. Mama akibonyeza Y anayoiona kwa macho yake, inatoka Z. Daftari la matumizi likajaa "nzama" na "nzanza", naye akadhani miwani imemwishia nguvu. Nikamrudishia kibodi ya Kijerumani, skrini ikabaki Kiswahili. Lugha ya skrini na mpangilio wa kibodi ni vitu viwili, kila kimoja kina mahali pake pa kukichagua.

Najua kicheko kitakachofuata: folder ni kabrasha! desktop ni eneokazi! password ni nywila! Wanaocheka ni sisi tuliokwisha kuzoea maneno ya Kiingereza, tukasahau kwamba nayo tuliyakariri bila kuyaelewa. Sikatai, kompyuta yangu mwenyewe iko kwa Kiingereza. Ikileta hitilafu nataka kuisaka intaneti kwa maneno yaleyale waliyoyaandika wenzangu waliopatwa nayo. Ila hiyo ni shida ya fundi, na mama si fundi. Toka mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili, tunajua kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Tunachokosa nyumbani ni mtu wa kuibadilisha.

Nilijiandaa kumfafanulia mama "kabrasha". Akanitazama kama mtoto asiyejua kwao. "Miaka yote ya masjala unadhani nilikuwa nabeba nini?" Nywila tu ndiyo aliyoikataa. Kwake hilo ni neno la siri, na hata mimi hataki kunitajia.