Kanuni ya Kuchelewa Kujiunga na Chuo: Je, Wakimbiaji wa Afrika Mashariki Wanatendewa Haki?

Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 akiwa na umri wa miaka 26. Miaka miwili baadaye Mtanzania Suleiman Nyambui, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow akiwa na miaka 27. Kwetu hizo ni fahari, lakini huko Marekani zilichochea swali ambalo bado linaulizwa: kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari atashindana vipi na mtu mzima, na nafasi chuoni apewe nani?

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kiliwahi kuwa na kanuni iliyowabana wageni peke yao. Mwaka 1975, katika kesi iliyofunguliwa na Chuo Kikuu cha Howard, mahakama ilitamka kwamba kanuni hiyo inakiuka katiba. Zilizofuata ziliandikwa kwa lugha inayomgusa kila mwanafunzi. Ile iliyotumika kwa miaka mingi katika Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, humpa mwanariadha mwaka mmoja tangu tarehe ambayo darasa lake lilipaswa kumaliza sekondari. Muda huo ukipita naye hajajiunga na chuo, kila mwaka anaoshiriki mashindano rasmi humpunguzia msimu mmoja kati ya minne aliyo nayo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Tangu suluhu ya kesi ya House, iliyohusu malipo kwa wanariadha wa vyuo, ilipoidhinishwa mwezi Juni 2025, vyuo vilivyoikubali vina ukomo wa wanariadha 17 katika timu ya mbio za nyika, hivyo kila nafasi anayopewa mkimbiaji wa miaka 23 ni nafasi aliyoikosa mwanafunzi aliyetoka sekondari moja kwa moja. Kocha naye hupimwa kwa ushindi, na asipowekewa mpaka atamchagua aliyekwisha kukomaa. Sioni chuki katika hoja hiyo.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo inamchukulia kila kijana kama ana mtu wa kumwongoza. Mwanafunzi wa Marekani anaweza kuwasiliana na makocha tangu tarehe 15 Juni baada ya darasa la kumi, na shuleni kwake yupo mshauri anayejua masomo 16 ya msingi yanayotakiwa na wastani wa alama wa 2.3. Aliyemaliza kidato cha nne katika kijiji cha Bonde la Ufa hufanya mtihani wake mwishoni mwa mwaka, husubiri matokeo, kisha huanza kutafuta pasipoti, nauli na viza. Aliyerudia kidato kwa sababu ya karo huhesabiwa kwa tarehe ya wenzake waliomtangulia. Zaidi ya yote, hakuna kocha wa ng'ambo atakayemjua asipokimbia, kwa hiyo huingia kambini Iten, mji wa Kenya wa mazoezi ya wakimbiaji, na kushiriki kila mashindano yanayotangazwa. Mbio zile zile zinazomfanya aonekane ndizo zinazomla misimu yake, naye mara nyingi hana habari mpaka fomu za NCAA zimtake aorodheshe alikokimbia.

Kanuni yenyewe inakubali kwamba kuchelewa kunaweza kuwa na sababu ya haki, kwani muda wa kutumikia jeshi au misheni rasmi ya dini hausababishi adhabu. Kama Mmarekani aliyekwenda misheni miaka miwili anasamehewa, ni vigumu kueleza kwa nini ufukara usifikiriwe kabisa.

Kwa maoni yangu mpaka ubaki, ila kipimo kibadilike. Mtu aliyekimbia barabarani kwa fedha za zawadi mwaka baada ya mwaka ahesabiwe misimu yake bila huruma. Aliyekimbia mbio za nyika za kaunti pasipo malipo yoyote aongezewe mwaka wa pili, mradi athibitishe tarehe yake ya kumaliza shule. Na kocha anayemsajili mkimbiaji wa Kenya, Uganda au Tanzania alazimishwe kumweleza kwa maandishi, kabla ya kumwahidi ufadhili, amebakiwa na misimu mingapi, kwa sababu kijana anayegundua akiwa tayari Marekani kwamba amebakiwa na miwili tu hana tena njia ya kuchagua.