Sarufi ya kompyuta isipewe nguvu kuliko inayohitaji

Wapo wanaoamini kwamba mfumo wa sarufi ukiwa na nguvu zaidi, yaani ukiweza kueleza miundo mingi zaidi, basi ni bora zaidi kwa kompyuta. Mimi siamini hivyo. Kwa Kiswahili na jamaa zake wa Kibantu, tuchague mfumo dhaifu kuliko yote unaotosha kazi.

Tazama kitenzi "hatuwasomeshi". Kikanushi "ha-" kimekaa mwanzoni lakini kinadai kiishio "-i" mwishoni kabisa, na katikati yao zimejipanga nafsi ya mtenda, ya mtendwa, mzizi na kauli ya kutendesha. Sema "hatukuwasomesha", kiishio kinarudi kuwa "-a". Mtu angedhani mashine inahitaji kumbukumbu kubwa kufuatilia hayo. Haihitaji. Inatosha ijue kwamba imepita "ha-" na haijakutana na alama ya wakati, yaani otomata, mashine sahili inayosoma neno kipande kwa kipande na kukumbuka tu hali iliyomo, ikiwa na hali chache tu inaiweza kazi hii. Mwaka 1972 mwanaisimu C. Douglas Johnson alionyesha kwamba hata kanuni za fonolojia, yaani za mabadiliko ya sauti, zikitumiwa kama wanaisimu wanavyozitumia kwa kawaida, hazivuki kiwango hicho. Mwanaisimu Kimmo Koskenniemi akaleta mofolojia ya ngazi mbili, inayotumia otomata kuoanisha umbo la msingi la neno na umbo linaloandikwa, mwaka 1983, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akaitumia kukichanganua Kiswahili.

Uradidi ni mgumu zaidi. "Tembeatembea" ni kunakili shina zima, na otomata haiwezi kunakili mashina yasiyo na kikomo cha urefu. Lakini mashina yaliyomo kwenye kamusi yanahesabika, kwa hiyo tunaweza kuyaorodhesha yakiwa yamerudufiwa. Si suluhisho la kupendeza, ila linafanya kazi.

Kwenye sentensi ndipo nakubali kupanda ngazi: "Kitabu ambacho mwanafunzi ambaye mwalimu alimsifu alikisoma kimepotea." Nomino iliyotangulia ndiyo inayopata kitenzi chake mwisho. Ukiruhusu tabaka ziendelee bila kikomo, unahitaji sarufi isiyotegemea muktadha, yaani yenye kanuni zinazoweza kupachika kirai ndani ya kirai bila kikomo. Kijerumani cha Uswisi kinadai zaidi kidogo: mtaalamu wa isimu ya kompyuta Stuart Shieber alithibitisha mwaka 1985 kwamba nomino na vitenzi vyake hupishana kwa namna ambayo sarufi ya aina hiyo haiwezi kuieleza.

Ni zaidi kidogo tu! Kuruka kutoka hapo hadi nguvu zote za mashine ya Turing, kielelezo cha kila kinachoweza kukokotolewa, ni kosa. Watafiti Peters na Ritchie walionyesha mwaka 1973 kwamba sarufi geuzi ya wakati ule, iliyobadili muundo mmoja wa sentensi kuwa mwingine, ilikuwa imefika huko. Sarufi inayoruhusu kila lugha inayoweza kukokotolewa, hata zile ambazo hakuna mtoto angeweza kujifunza, haijatueleza lugha ya binadamu ni nini. Tena hakuna hakikisho kwamba kompyuta itamaliza kuichanganua sentensi.

Lugha kama Kigogo na Kihehe hazina maandishi mengi ya kulisha mifumo mikubwa, lakini zina wasemaji wanaoweza kutuambia jinsi viambishi vyao vinavyopangika. Otomata iliyojengwa kwa maarifa hayo inaenea kwenye simu ya kawaida, na kila kanuni yake mzungumzaji anaweza kuikagua na kuisahihisha. Kazi hiyo ianze sasa.